Maji ya Edvina na Majani ya Nancy

14 Septemba
Nimehamia kijijini Muleba kwa msimu huu. Nyumba yangu ya Kibeta, Bukoba mjini, inabadilishwa paa, na fundi amepanga kuiacha wazi wakati wa mvua za vuli, jambo ambalo fundi mwenye akili asingelipanga. Nitakaa katika nyumba ya marehemu baba na kutuma habari zangu za redio Bukoba kwa simu.

Nimekuja na godoro, redio, kinasa sauti na tangi la kioo la Nancy. Binti yangu huyo alipopata kazi Mwanza aliniachia tangi hilo likiwa na mimea ya majini bila samaki hata mmoja. Aliniambia niitunze kama migomba. Kuna majani marefu kama utepe, anayaita valisneria, na mengine ya kahawia yenye mawimbi pembeni ambayo jina lake sikulishika. Kibeta nilikuwa nayapa maji ya mvua kutoka kwenye mfereji wa paa. Huku mvua haijaanza, kwa hiyo nimechota kwa jirani.

15 Septemba
Jirani ni Edvina, mjane wa Avit. Kabla hajafariki Avit alichimba kisima kirefu chenye pampu ya mkono, na kitongoji kizima kinachota hapo. Kaburi lake liko karibu nacho, ndani ya kibanja, kati ya migomba na mibuni.

Edvina alinikaribisha kwa akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, katika kikapu kidogo alichokishika kwa mikono miwili, akaniita Ta, heshima yetu kwa mwanamume mzima.

"Ta Rutaihwa, huko mjini mnatafuna nini siku hizi? Bablishi?"

Nikachukua punje na kutafuna. Pale pampuni wanawake walikuwa wanayalaumu maji kama mtu anavyomlaumu mkwe aliyemzoea. Adventina, anayekaa nyumba ya chini, alisema maharage ya maji hayo yanataka kuni za harusi, na sabuni inagoma kabisa kutoa povu. Kisha akajaza ndoo yake, akanywa kikombe kizima na kuondoka.

19 Septemba
Birika limeota ukoko mweupe ndani.

22 Septemba
Majani ya utepe yamekuwa kama plastiki inayoonyesha upande wa pili. Ukiyagusa yanakatika.

25 Septemba
Yote yameyeyuka, na ya kahawia pia. Tangi linanuka. Nimeyachota kwa upawa na kuyatupa chini ya mgomba. Nancy alipopiga simu nilimwambia mimea inaendelea. Sijui kwa nini nilidanganya juu ya jambo dogo namna hiyo. Labda kwa sababu alikuwa ameniomba kitu kimoja tu.

27 Septemba
Agnetha, mhariri wa zamu wa redio yetu pale Bukoba, alipiga asubuhi.

"Ta, nina dakika nne za Jumapili hazina kitu. Niokoe."

"Huku hakuna habari."

"Mtu kama wewe hakosi habari. Angalia nje ya dirisha."

Nje ya dirisha kulikuwa na pampu ya Edvina. Nikaandika habari ya kisima. Nilisema maji yake yanaacha chokaa katika vyombo. Nilisema hayaivishi maharage. Nilisema mimea ya majini iliyowekwa humo iliyeyuka chini ya wiki mbili, na kwamba wakazi wanajiuliza kama maji hayo ni salama. Sikutaja jina. Nilisema kisima cha mjane mmoja, na huku mjane mwenye kisima ni huyo mmoja tu.

28 Septemba
Imetangazwa baada ya taarifa ya mchana. Agnetha amefurahi. "Ile ya majani kuyeyuka, Ta, imewakamata watu."

1 Oktoba
Mvua ya kwanza.

3 Oktoba
Pampu ya Edvina huanza kulia kabla sijaamka. Leo haikulia. Nilitoka nje, nikawaona wanawake wakipita na ndoo kuteremka kwenye chemchemi ya bondeni, ambayo walikuwa wameiacha tangu Avit achimbe.

Adventina alisimama kunisalimia. "Kasinge, Ta. Umetuokoa. Kumbe tulikuwa tunakunywa sumu."

"Sikusema sumu."

"Ulisema yameua majani. Wewe ulitaka useme mpaka wapi?"

Nimesikiliza rekodi tena. Ni kweli, sikusema sumu. Nilipanga mambo matatu ya kweli katika mstari ili neno hilo lije lenyewe. La nne, kwamba wakazi wanajiuliza, halikuwa la kweli. Hakuna mkazi aliyejiuliza. Niliyejiuliza ni mimi, na sikumwuliza mtu.

8 Oktoba
Kisiwa cha Bumbire, habari ya gati la wavuvi. Ziwa lilichafuka. Nimerudi nimelowa.

12 Oktoba
Karugendo amekuja. Ni kaka mkubwa wa Avit, mtu mpole wa sauti, mkatekista wa zamani, na sijawahi kumwona akiharakisha jambo. Alikaa, akauliza habari za Nancy, akasifu redio yangu. Kisha akasema ukoo utakutana Jumamosi ya mwisho ya Novemba kuhusu kile kisima. Anataka kizibwe kwa mawe.

"Maji yanayoyeyusha majani yanapita wapi, Rutaihwa? Yanapita kwa ndugu yangu pale chini."

Nilimwuliza Edvina atakuwaje.

"Avit hakuacha mtoto. Mwaka ule tulitaka kibanja kirudi kwenye ukoo, majirani wakapiga kelele. Wakasema huyu mama ndiye anayetunywesha. Sawa, tukanyamaza. Sasa hawanyweshi tena. Kwao Izigo wapo kaka zake, hatalala njiani."

Anataka nije kutoa ushahidi. "Watu wa hapa kila mmoja ana upande wake," alisema. "Wewe huna upande. Wewe ulisema tu ulichokiona."

Nilimsindikiza mpaka njiani. Sikumwambia ndiyo, sikumwambia hapana. Kwa desturi ya huku hiyo ni ndiyo.

16 Oktoba
Tangi nililiacha dirishani na mchanga wake na maji yake kwa uvivu tu. Asubuhi hii nimeona ncha za kijani zimetoka mchangani. Si moja. Majani ya utepe mafupi, magumu, ya kijani kuliko yale ya Kibeta. Pembeni kuna la kahawia limejikunja kama sikio.

Nimeyatazama kwa muda. Kisha nikalifunika tangi kwa gazeti.

17 Oktoba
Nilimpigia Nancy.

"Baba, ulipoyatupa, ulitupa na mizizi?"

"Majani tu."

"Basi hukuharibu kitu. Mimea hiyo ukiihamisha kutoka maji laini kwenda maji magumu inamwaga majani ya zamani, inaota mapya yanayofaa maji mapya. Wanaoanza wote wanadhani imekufa. Na valisneria ndiyo inayopenda maji magumu. Kule Kibeta kwenye maji ya mvua ilikuwa inadhoofu, hukuona?"

"Sikuona."

"Uliniambia inaendelea."

"Iliendelea."

Kisha akasema, "Baba, nilikusikia. Mtu wa Kashai alinitumia ile rekodi. Nilisubiri upige."

Baadaye nilimpigia ofisa wa maji wa wilaya. Alikumbuka kisima cha Avit bila kutafuta popote, maana yeye ndiye aliyepima maji yake. Ni magumu, alisema, yana chokaa nyingi, yatamkasirisha mpishi na mfuaji, lakini ni salama kuliko chemchemi yoyote ya upande ule. Akaniuliza kwa nini sikupiga mapema. Simu hiyo ilikuwa fupi kuliko kuchemsha chai.

18 Oktoba
Mvua. Sikwenda kwa Edvina.

20 Oktoba
Mvua. Sikwenda.

23 Oktoba
Hakuna mvua. Sikwenda.

26 Oktoba
Nimeandika habari ya kahawa na habari ya barabara iliyokatika. Zote mbili nimezithibitisha kwa watu wawili wawili. Agnetha amecheka, amesema nimeanza kuogopa uzeeni.

30 Oktoba
Tumemzika bibi Kokubanza. Alikuwa mzee kuliko wote kitongojini na alikufa usingizini, kwa hiyo msiba ulikuwa na mazungumzo zaidi kuliko vilio. Kama kawaida kila nyumba ilileta kitu: mikungu ya ndizi, kuni, maharage, na wanawake walileta maji, kila mmoja ndoo yake, wakazipanga ukutani mwa jiko.

Edvina alifika na ndoo kichwani, amevaa kanga nyeusi. Aliitua akaiweka mwisho wa mstari. Watu walimsalimia vizuri. Adventina alikuwa anasimamia masufuria. Alikuja kwenye ule mstari, akachukua ndoo ya kwanza, ya pili, akazimimina sufuriani. Alipofika kwenye ya Edvina aliinyanyua, akaenda nayo mpaka kwenye mgomba wa karibu na kuimwaga. Hakuimwaga kwa hasira. Aliimwaga kama mtu anavyomwaga maji aliyooshea vyombo, huku akiendelea kuzungumza na mwenzake. Kisha akairudisha ndoo mahali pake, tupu, akaifunika vizuri.

Wote tuliona. Mwanamume mmoja karibu yangu akauliza habari za mpira.

Edvina aliangalia ndoo, halafu akaingia jikoni akachukua kisu na kukaa mwisho wa mkeka kumenya ndizi. Alimenya mpaka mwisho. Hata mara moja hakuangalia upande wa wanaume, ambako mimi nilisimama na kofia yangu mkononi. Nilikuwa najua kwa karibu wiki mbili kwamba maji yale hayana kosa. Kusema kungehitaji sentensi moja. Nimesimama mbele ya mawaziri na nikauliza maswali yasiyopendwa. Jana nilipewa sahani ya ndizi na maharage yaliyopikwa kwa maji ya bondeni, nikala, nikashukuru.

Nimeandika "jana". Ni leo. Nataka iwe jana.

31 Oktoba
Nimekwenda.

Alikuwa anaanua kahawa kabla ya mvua. Nilimsaidia kukunja mkeka. Hakunikaribisha ndani, na kikapu cha akamwani nilikiona kimetundikwa ukutani kupitia mlangoni. Nilimwambia yote, kuanzia tangi mpaka ofisa wa maji. Alisikiliza kama anayesikiliza maelezo ya njia.

"Kwa hiyo majani yamerudi."

"Yamerudi."

"Lini?"

Nikamtajia siku.

"Ukafanya nini?"

"Nikayafunika. Kwa gazeti."

Alicheka, kicheko kifupi cha kweli, kisha kikaisha. "Basi jana pale msibani ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Adventina hakuwa anajua. Yeye alimwaga maji aliyoambiwa ni mabaya. Ana wajukuu." Alichukua ungo wake. "Nenda nyumbani, Ta. Nina kazi."

2 Novemba
Siku ya Marehemu Wote. Kanisa lilijaa. Edvina alikaa mbele, mimi nyuma.

4 Novemba
Nimemwambia Agnetha nataka kusahihisha ile habari.

"Ya majani? Nani amelalamika?"

"Mimi."

"Ta, wewe ndiye uliyesema. Sasa wewe ulalamike, wewe usahihishe, sisi tuweke wapi?"

"Palepale pa mwanzo. Dakika nne."

"Nina sekunde thelathini kabla ya matangazo ya vifo, keshokutwa jioni. Zaidi ya hapo mkurugenzi atauliza."

Nimekubali. Nimeandika sentensi tano. Niliposoma kwa sauti mara ya kwanza nilisikia nimejificha ndani ya ile ya pili, nikaiandika upya.

6 Novemba
Sahihisho limetangazwa. Dakika zilezile senene walishuka, wa kwanza wa msimu, wengi mno. Kitongoji kizima kilikuwa nje na taa na ndoo na watoto wakipiga kelele. Nilisikiliza redio peke yangu.

7 Novemba
Kila nyumba inakaanga senene. Hakuna aliyesikia.

10 Novemba
Mvua kubwa. Adventina ameteleza kwenye njia ya bondeni na ndoo kichwani, mkono wa kulia umevunjika juu ya kiganja. Nilikwenda kumwona. Nilimweleza kuhusu maji, na majani, na redio.

"Kwa hiyo majani yako yamefufuka," alisema, mkono umefungwa kifuani. "Hongera. Mimi si jani, Ta."

"Ofisa wa maji alisema—"

"Septemba ulisema hivi, Novemba unasema vile. Januari utasema nini, nijiandae?"

Nikasimama kuaga. Binti yake alinipa senene katika karatasi. Nilikula njiani.

18 Novemba
Utepe umefika juu ya maji na umeanza kutambaa mchangani. Kila mmea umezaa mwingine. Nilipolitoa lile gazeti sikulirudisha.

24 Novemba
Karugendo amenikumbusha Jumamosi. Nimemwambia nitasema kitu tofauti na anachotegemea. Alinitazama kwa upole. "Wewe njoo tu. Rekodi ninayo."

29 Novemba
Mkutano ulikuwa uwanjani kwa Karugendo, wazee wa ukoo kwenye viti, majirani kwenye mabenchi na magogo. Hakukuwa na mvua. Edvina alikaa karibu na wanawake, mikono mapajani. Mimi nilikuja na ndoo nyeupe yenye kifuniko.

Karugendo alisali, kisha akasema maneno machache ya haki kabisa: kibanja ni cha ukoo, Avit amelala pale, maji yana mashaka. Akatoa simu, akaipandisha sauti, na nikajisikia nikisoma ile habari. Nina sauti nzuri ya redio. Niliposema "wakazi wanajiuliza", wakazi walitikisa vichwa. Walikuwa wamekumbuka kwamba walijiuliza.

"Rutaihwa yupo," alisema Karugendo. "Aseme mwenyewe."

Nilisimama. Nilisema habari ile ilikuwa na kosa na kosa ni langu. Nilieleza maji magumu ni nini. Nilifungua ndoo nikautoa mmea mmoja kwa mizizi yake, utepe ukaning'inia mpaka kwenye kiatu, maji yakinichuruzika ndani ya mkono wa koti. Vijana wakacheka. Mtu akasema mwandishi amevua kambale mwembamba. Niliendelea. Nilisema hakuna aliyekuwa amejiuliza, nilitunga. Nilisema nilijua ukweli siku ya mazishi ya Kokubanza na nikanyamaza. Hapo hakuna aliyecheka. Sikumtazama Edvina.

Karugendo aliuliza bila ukali, "Sasa, ndugu yangu, tumwamini yupi? Yule wa redioni au huyu mwenye majani?"

"Mpigieni ofisa wa maji. Msiniamini mimi."

"Hilo la pili tumelisikia," alisema, na wazee wakatabasamu.

Nilikaa. Nilidhani limekwisha, na kwamba nimeharibu mara mbili. Mzee mmoja alianza kusema mawe yapo mengi kule barabarani.

Ndipo Adventina aliposimama, mkono kwenye kitambaa. "Mimi habari za majani sielewi. Maharage hayaivi, hilo najua, na sabuni nimeshaieleza. Lakini bondeni sirudi. Mkizibe. Ila mseme leo hapa nani atanichotea. Karugendo, utateremka wewe asubuhi, au utamtuma mkeo?"

Wanawake walicheka kwa nguvu. Mke wa Karugendo alicheka kuliko wote na kusema yeye asihesabiwe. Mwingine akasema mumewe naye ajiandikishe. Wazee walijaribu kurudi kwenye kaburi, wakaulizwa tena nani atachota. Ilichukua muda, lakini haikuwa shauri tena. Mzee wa ukoo akasema kisima kibaki, na anayekitunza abaki nacho, na neno hilo lisirudiwe. Karugendo aliinamisha kichwa. Alifunga mkutano kwa sala kama alivyoufungua.

Adventina alipita mbele ya Edvina. Hakuomba radhi ya ile ndoo.

"Ma Edvina, pampu ina grisi?"

"Ina."

"Kesho basi."

Hayo tu. Nilirudi na ndoo yangu. Hakuna lolote nililosema ambalo liliokoa kisima. Kiliokolewa na njia ya kuteleza na mkono uliovunjika, na hivyo vyote viwili vilitokana na dakika zangu nne.

30 Novemba
Pampu imelia kabla sijaamka. Nimebaki kitandani nikiisikiliza.

5 Desemba
Fundi amesema paa limekwisha. Agnetha ameuliza kama nina kitu cha Jumapili. Nimemwambia nataka zile dakika nne. Amesema ataona.

9 Desemba
Nancy ameniambia nisithubutu kuirudisha mimea kwenye maji ya mvua: itamwaga majani tena kwa sababu ileile. Sasa imezoea maji ya Edvina. Nitahitaji kuyabeba mpaka Kibeta, na kila nitakapobadilisha maji ya tangi nitahitaji mengine.

Nilikwenda na madumu. Walikuwepo wanawake wawili, wakanipisha. Edvina alitoka, akaninyang'anya mpini na kupampu mwenyewe, mpaka madumu yakajaa. Aliyafunga vifuniko, akavikaza. Kikapu cha akamwani kilikuwa ukutani. Aliona nilipotazama.

"Haya ni ya majani," alisema. "Njoo uchote wakati wowote, majani hayana kosa. Ya kunywa, siku nikiwa tayari nitakuita."

Nilisema asante. Nilibeba dumu moja moja mpaka barabarani.

14 Desemba
Agnetha amenipa dakika nne. Nimezitumia zote.

20 Desemba
Kibeta. Paa halivuji. Tangi liko dirishani, na hakuna jani lililoyeyuka. Dumu la mwisho limefika nusu.

Edvina hajaita.